Mlio wa Puto

Tangu nistaafu watu wananiuliza kama napumzika. Najibu kwamba napumzika, kwa sababu ndilo jibu wanalolitaka. Ukweli ni kwamba nyumba yangu ya hapa Shinyanga mjini ina ukimya ambao sijauzoea. Mchana, wajukuu wakiwa shule, nakaa sebuleni na masikio yangu yanatafuta mlio mmoja ambao haupo. Nimeusikiliza kwenye jokofu, kwenye saa ya ukutani, hata kwenye pampu ya maji ya jirani, na hakuna kinachokaribia. Nautamani kama unavyotamani sauti ya mtu wako aliyesafiri na hujui atarudi lini.

Wadogo zangu mliobaki ICU, kwa wagonjwa mahututi, mliniomba niandike kuhusu mashine ya puto, maana mnasema mimi ndiye niliyeishi nayo kuliko wote. Nimekubali. Vyeo nitaviruka, kwanza havikuwa vingi. Anayetaka kujua kitufe kipi kinafanya nini asome kitabu kilichokuja na mashine. Kimeandikwa vizuri sana, ndiyo maana bado ni kipya. Mimi nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifunza, na mgonjwa mmoja wa Katoro ambaye mpaka leo sijaachana naye.

Unesi niliuanzia zahanati ya pembezoni mwa machimbo, upande wa Geita. Mimi ni mtoto wa mjini, babu yangu alikuja Shinyanga na biashara ya nguo kutoka pwani, na nyumbani tulizungumza Kiswahili tu. Asubuhi ya kwanza kazini akaingia bibi mmoja, akanisalimia, "Mwangaluka." Nikajua ni salamu ila sikujua ya namna gani, nikamjibu kwa sauti ya heshima kabisa, "Marahaba." Bibi alinizidi umri mara mbili na zaidi. Alinitazama, akaketi, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Haya, mama yangu, nitibu." Nilitamani sakafu ipasuke. Alirudi mara nyingi baada ya hapo, na kila mara aliniamkia shikamoo mbele za watu mpaka nikajifunza Kisukuma.

Pale zahanati kipimo cha presha kilikuwa kinaharibika kila mara, kwa hiyo nilijifunza kutumia vidole. Wachimbaji waliletwa wakiwa wamefunikwa vumbi jeupe la mawe kuanzia nyusi mpaka viatuni, na kabla ya kuuliza jina nilikuwa nimeshashika kifundo cha mkono. Mapigo yasipopatikana mkononi unakwenda kwenye kinena, yasipopatikana huko unakwenda shingoni, na yasipopatikana shingoni unaita watu. Baadaye nikahamishiwa Shinyanga, wodini, miaka mingi. Kisha nikapelekwa kwenye hospitali kubwa ya rufaa, ile ambayo ninyi mnaisoma barua hii mkiwa ndani yake, na huko nikakabidhiwa kwa Sista Kabula.

Sista Kabula alikuwa mtu wa Samuye, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe ambao hawana haraka. Likizo yake yote ilikwisha shambani kwao akipalilia mpunga, na alirudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, akisema amepumzika sana. Sisi tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Siku yangu ya kwanza ICU hakunitembeza wala hakunionyesha kabati la dawa. Alinipeleka kwenye kitanda cha mgonjwa aliyelala na mashine pembeni, akanipa kalamu ya wino.

"Tafuta mapigo juu ya unyayo," akaniambia. "Ukiyapata, weka alama ya kalamu hapo hapo. Usipoyapata, usiniambie umeyapata."

Niliyatafuta mpaka shingo ikaniuma. Nilipoyapata nikachora alama ndogo ya msalaba kwenye ngozi, yeye akaja, akaweka kidole juu ya alama yangu, kisha akaenda kunywa chai. Kwa Mayu hiyo ilikuwa sifa, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikupata kubwa kuliko hiyo.

Kwa mgeni wa mambo haya nieleze kidogo. Moyo una milango inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi, nayo tunaiita valvu. Valvu ikiharibika polepole moyo hujizoesha. Ikiharibika ghafla, moyo haupati nafasi ya kujizoesha, damu inarudi ilikotoka, mapafu yanajaa maji, presha inaporomoka, mikono na miguu inakuwa ya baridi. Tiba yake ni upasuaji, lakini mgonjwa wa namna hiyo anaweza asifike mezani. Hapo ndipo puto linapoingia. Ni puto refu na jembamba, linapitishwa kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Moyo ukipumzika, puto linajaa na kuisukuma damu kwenda kuulisha moyo wenyewe. Moyo ukitaka kusukuma, puto linasinyaa ghafla na kuupunguzia mzigo. Linajazwa kwa heliamu, gesi nyepesi sana, inayokimbia kwenda na kurudi kabla moyo haujapiga tena.

Na mashine inapofanya hivyo inalia. Ni mlio mfupi wa kusukuma na kuvuta, kama mtu anayepuliza chai ya moto na chai yenyewe haipoi. Mayu alitukataza kuanza na skrini. "Sikiliza kwanza," alikuwa akisema, "skrini utaitazama ukishasikia." Mlio ukilegea, umejua kabla ya king'ora. Mlio ukikatika, unakimbia, maana puto lililosimama ndani ya mshipa linagandisha damu. Ukiona tone la damu ndani ya mpira wa gesi, puto limetoboka, zima mashine na umwite daktari, usianze kutafuta wa kumlaumu. Mguu wenye mpira usikunjwe. Unyayo uguswe kila mara. Haya nilikariri kabla sijajua maana yake.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Dokta Masanja, daktari wetu wa moyo, na somo alilonipa ndilo lililoniumiza zaidi. Aliletwa mwalimu wa shule kutoka Didia, mwanamume wa makamo, homa ilikuwa imemla kwa wiki kadhaa na vijidudu vimetafuna valvu yake mpaka ikachanika. Presha hakuna, jasho la baridi, macho yametoka. Mimi nikaanza kuivuta mashine kuelekea kitandani. Dokta Masanja alikuwa ameshika kipimo cha kuangalia moyo juu ya kifua cha mgonjwa, na bila kugeuka akauliza kama anajiuliza mwenyewe, "Valvu ipi?" Akatazama tena. Kisha akasema, "Iache hapo hapo, Sista Mwajuma."

Mke wa mwalimu alikuwa mlangoni na aliona kila kitu. "Dokta," akasema, "si hiyo mashine ipo? Mbona hamumwekei?"

Dokta Masanja alivuta stuli, akaketi mbele yake ili macho yao yalingane. "Mama, moyo una mlango wa kutokea," akamwambia. "Kwa mumeo ulioharibika ni huo. Mashine hii inasukuma damu nyuma kidogo wakati moyo umepumzika. Kwa mwenye mlango mzima wa kutokea, inamsaidia. Kwa mumeo damu yote itamwagikia ndani ya moyo ule ule uliochoka. Nikimwekea, nitakuwa nimemmaliza kwa mikono yangu."

"Kwa hiyo ipo, lakini si ya kwake," yule mama akasema.

"Si ya kwake, mama."

Tulimpa dawa, tukapiga simu ya ndege ya kumpeleka Dar es Salaam kwa upasuaji, na mwalimu akafariki kabla ndege haijapatikana. Mkewe alitoka nje kulia na ndugu zake. Alipokuwa anarudi kuchukua nguo za marehemu, nilimwona Mayu akiisukuma mashine taratibu mpaka stoo na kufunga mlango, yule mama asije akaikuta imesimama pale. Kisha akarudi kukunja shuka. Tangu siku hiyo sijawahi kuivuta mashine kabla ya kulisikia jibu la swali la Dokta Masanja, na nyinyi msiivute.

Sasa nije kwa Mama Kulwa. Alikuwa mama ntilie wa Katoro, anapika jirani na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, na ana pacha wadogo, Kulwa na Doto. Utotoni alisumbuliwa na koo na viungo, hakutibiwa sawasawa, na valvu yake ya ndani ikabaki na kovu bila yeye kujua. Asubuhi moja alinyanyua sufuria la wali, akasikia kitu kama kamba imekatika kifuani, na kwa kweli ilikuwa kamba. Valvu ile inashikiliwa na nyuzi nyembamba, na zake zilikatika.

Alipoingizwa kwetu alikuwa amekaa wima anagombania pumzi, povu la rangi ya waridi mdomoni. Mkononi sikupata mapigo. Kwenye kinena sikupata. Shingoni nilipata, membamba, yanakimbia. Dokta Masanja akaweka kipimo kifuani, na chumba kizima kikasubiri swali.

"Valvu ipi, Dokta?" nikauliza mimi, nikashindwa kuvumilia.

"Ya ndani. Ya kutokea nzima kabisa." Akanyanyua uso. "Leteni puto."

Mayu alikuwa ameshaifikisha mashine kwenye miguu ya kitanda, sijui aliondoka saa ngapi. Puto likaingia, mpira ukaunganishwa, na ule mlio ukaanza. Kidogo kidogo vidole vya Mama Kulwa vikapata joto. Kisha mkojo ukaanza kudondoka kwenye mfuko. Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kuelewa furaha ya nesi anapoona mkojo. Nilimwita Mayu aje auone, naye akaja, tukasimama wawili tunautazama kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Mumewe, Baba Kulwa, alikuwa fundi wa matimba machimboni, na ndiye aliyenipa maneno ambayo niliyatumia na ndugu wa wagonjwa mpaka nastaafu. Alikuja na koti lake safi na viatu bado vina vumbi, akasimama mbali na kitanda akiogopa kugusa chochote.

"Shikamoo, Sista. Hii inamponya?"

"Marahaba. Haimponyi, Baba Kulwa. Inamshikilia mpaka wapasuaji wafike kutoka Dar. Wao ndio watakaombadilishia valvu."

Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe matimba."

Nilimwambia sikuelewa. "Duarani," akasema, maana duara ndiyo shimo lenyewe, "unaposhuka unaweka magogo ya kushika ukuta. Ndiyo matimba. Matimba hayachimbi dhahabu, Sista. Kazi yake usiangukiwe mpaka utoke. Na hayakai milele. Yakichoka yanalia, na mtu wa duara analala na kuamka kwa kuyasikiliza."

"Hii nayo tunaisikiliza," nikamwambia. "Ila yenyewe ikinyamaza ndiyo mbaya."

Basi akaketi kwenye kiti nilichompa, akakunja mikono, akasikiliza. Alikaa hivyo kila saa ya kuwaona wagonjwa. Ndugu wengine humsemesha mgonjwa au humsomea dua. Yeye alisikiliza, na alipoondoka alinigeukia mlangoni na kusema, "Inalia vizuri, Sista," kama anayenikabidhi zamu. Nilianza kulisubiri neno hilo.

Wapasuaji walitakiwa kuja na ndege ya asubuhi. Mvua ikafunga anga, ndege ikaahirishwa. Siku iliyofuata ikaahirishwa tena, na asubuhi hiyo hiyo mashine ikalia king'ora cha gesi. Mtungi wa heliamu ulikuwa unakaribia kwisha. Hilo lisingekuwa neno, mtungi wa akiba ulikuwepo stoo, nikaenda kuuchukua. Ulikuwa mwepesi mno mkononi. Ulikuwa umevuja taratibu kwenye koki ukiwa umesimama, haukuwa na kitu. Mingine ilikuwa inakuja na ndege ile ile ya wapasuaji.

Dokta Masanja alijaribu kupunguza msaada wa puto aone kama moyo utajitegemea. Presha ya Mama Kulwa ikateremka hapo hapo, midomo ikabadilika rangi, Dokta akaurudisha msaada wote. Tukapiga simu kila hospitali tuliyoifahamu na hakuna aliyekuwa na heliamu. Mtu wa kumwambia alikuwa amekaa kwenye kiti anasikiliza, na mimi sikuwa na tabia ya kuwaficha ndugu. Nikamweleza Baba Kulwa kwamba mashine inatumia gesi iitwayo heliamu, kwamba inakwisha, na kwamba ikiisha puto halitadumu muda mrefu.

"Gesi ya kujaza puto," akasema.

"Ndiyo."

Akatoka nje na simu yake. Sikufikiria zaidi.

Alasiri wakaingia watu wawili getini wakipiga kelele, na mlinzi nyuma yao. Wa mbele alikuwa Jumanne, mdogo wake Baba Kulwa, ametoka Katoro kwenye gari la mahindi, yeye na utingo wa gari hilo wamebeba mtungi mrefu uliofungwa utepe wa dhahabu na ua la plastiki. Alikuwa ameuchukua kwa mpambaji wa harusi, ukumbini, sherehe ikiwa imeshaanza.

"Bwana harusi ameelewa," akasema Jumanne huku anahema. "Bibi harusi bado."

Sikujua nicheke au nilie. Machimboni ndivyo wanavyoishi. Mtu akifukiwa, kila mwenye koleo anakuja na koleo lake na hakuna anayeuliza ni la nani. Dokta Masanja alitoka, akautazama mtungi kwa heshima zote, akamshika Jumanne mkono.

"Ndugu yangu, hii haiwezi. Gesi ya sherehe inachanganywa na hewa. Inakuwa nzito, inachelewa njiani, na puto letu likichelewa kusinyaa moyo utakuwa unasukuma ukuta. Tutamuumiza."

"Lakini maputo yanapaa, Dokta! Nimeyaona mwenyewe."

"Yanapaa, ndiyo. Ila hili halitakiwi kupaa."

Jumanne akakaa chini kwenye sakafu ya korido na mtungi wake, akashika tama. Mayu akainama, mtu mzima yule, akamwambia, "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana," akimshukuru kwa Kisukuma, akaagiza aletewe chai. Na Jumanne, kwa kuona haya au kwa kutaka tu kusema neno, akaanza kutueleza jinsi alivyoutunza mtungi njiani. Mpambaji alimwonya kwamba unavuja mdomoni, kwa hiyo kila gari liliposimama alikuwa akipaka povu la sabuni kwenye koki, aone kama linatoa mapovu.

Mayu alinitazama. Mimi nilimtazama. Nyumbani kwangu napaka sabuni kwenye mtungi wa kupikia kila ninapoubadilisha, na Mayu hivyo hivyo, na kati yetu wote tuliokimbizana na simu tangu asubuhi hakuna aliyewaza kuuangalia mtungi uliokuwa kwenye mashine. Tukaingia ndani bila kukimbia, maana ICU hatukimbii mbele ya mgonjwa aliye macho. Nikapaka povu kwenye maungio. Likavimba pale pale, mapovu madogo madogo yakifuatana. Gesi ilikuwa inatoka nje taratibu kwa sababu ya kipete cha mpira kilicholika. Mayu akakifungua kile cha mtungi mtupu wa stoo, akakisugua na kitambaa, akakilinganisha. Kilikuwa kizima. Tulikibadilisha haraka, mimi nimeshika mpira na Dokta ameshika mashine, na katika zile sekunde ambazo mashine ilinyamaza Baba Kulwa alisimama kutoka kwenye kiti chake.

Mlio ukarudi. Nikapaka povu tena, na safari hii likatulia.

Hatukupata gesi mpya, tulikuwa tumezuia tu ile iliyobaki isiende bure. Ilitosha. Asubuhi mbingu zikafunguka, ndege ikatua, na Mama Kulwa akaingia chumba cha upasuaji huku mashine ikisukumwa pembeni yake ikilia. Jumanne aliurudisha mtungi Katoro. Nasikia ndoa ile ipo na ina watoto.

Walimwekea valvu ya chuma. Siku puto lilipotolewa nilikuwa zamu, na Baba Kulwa aliingia saa ya kuwaona wagonjwa, akasimama katikati ya chumba.

"Mbona kimya?" akauliza, na uso wake ulibadilika.

"Haihitajiki tena. Njoo," nikamwambia, "weka sikio hapa, karibu na kifua, taratibu."

Valvu ya chuma inalia, wadogo zangu mnajua, ni mlio mdogo wa kugonga, na chumba kikiwa kimya unausikia. Akainama, mkewe akamshika kichwa. Alikaa hapo muda mrefu. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yamechora njia kwenye mashavu yake. "Inalia vizuri, Sista," akasema. Mayu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akatoka ghafla kwenda kuhesabu mashuka ambayo nilikuwa nimeshayahesabu.

Mayu alistaafu kabla yangu, akarudi Samuye kwenye mpunga wake, na huko akafariki. Bado kuna siku nashika unyayo wa mjukuu anapolala, natafuta pale pa kuweka alama, na nasubiri mtu aje aweke kidole chake juu ya changu. Mashine yetu ya zamani nayo iliondolewa. Mnasema hii mpya haina kelele kabisa, na mnasema kama jambo jema. Labda ni jema. Mimi ningekuwepo nisingejua nisimame wapi.

Baada ya kustaafu jambo la kwanza nililofanya ni kwenda Katoro. Nilikuwa nimepata habari nikiwa bado kazini kwamba Baba Kulwa amefariki. Vumbi la mawe lilikuwa limemaliza mapafu yake, matimba yake hayakumwangusha hata siku moja. Sikupata ruhusa ya kwenda kuzika, na jambo hilo lilinikaa rohoni. Bodaboda ikanishusha kwa Mama Kulwa, jirani na soko. Alikuwa amekonda. Pacha walinisalimia, wakubwa sasa, wakatuacha.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimechelewa."

Tulikaa uani. Nilimuuliza habari za dawa, ile ya kuifanya damu isigande, ambayo mwenye valvu ya chuma anaimeza maisha yake yote. Akatazama pembeni.

"Nilisahau siku kadhaa," akasema. Kisha akasema, "Sikusahau, Sista. Niliacha."

Nilimuuliza kwa nini, na naomba mwelewe kwamba sikuuliza kwa upole.

"Alikuwa analala sikio lake likiwa hapa," akasema, mkono kifuani. "Miaka yote hiyo. Akiamka ananiambia inalia vizuri, ndipo anakwenda duarani. Sasa naisikia peke yangu. Inalia, inalia, na hakuna wa kuniambia chochote. Nikasema basi inyamaze."

Sikuwa na kipimo, sikuwa na Dokta Masanja, na hospitali ilikuwa mbali. Damu ikianza kuganda kwenye valvu, mlio unafifia, unakuwa kama umefunikwa na nguo. Hilo nilikuwa na vifaa vya kulijua. Nikasogeza stuli yangu, nikamwomba ruhusa, nikaweka sikio langu pale lilipokuwa linakaa la mumewe. Nilifumba macho. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Mlio ulikuwa safi. Mkavu, unakata, bila kufifia hata kidogo.

"Kesho twende wote ukapimwe damu," nikasema bila kunyanyua kichwa, "nami sirudi Shinyanga mpaka niione dawa inashuka kooni. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yenyewe?"

"Inalia vizuri, Mama Kulwa."

Akaweka mkono juu ya kichwa changu, kama alivyomfanyia mumewe siku ile, akaanza kulia. Mimi niliendelea kusikiliza.